Ukimtoa Usyk, nani kati ya mabondia wa leo angemaliza raundi 15 na Ali, Foreman au Holmes?

#1 Kona ya Bluu

Wakuu, salaam. Nimefuatilia ngumi za uzito wa juu tangu enzi za Larry Holmes, na kuna hoja moja ambayo vijana hunirushia kila tunapokaa kutazama pambano, kwamba mabondia wa leo ni wakubwa mno kwa mabingwa wa zamani na kwa hiyo kuwalinganisha ni kupoteza muda. Tyson Fury ana urefu wa sentimita 206, Deontay Wilder 201 na Anthony Joshua 198, ilhali Muhammad Ali alikuwa na 191 na Rocky Marciano hakufika hata 180. Wakishazitaja namba hizo wanaona kesi imekwisha.

Mimi nadai kinyume chake. Ukimtoa Oleksandr Usyk, simwoni bingwa wa miaka kumi hii ambaye angemaliza raundi 15 na Ali wa 1966, Foreman wa 1973 au Holmes wa 1980 akiwa bado amesimama. Na huyo Usyk ndiye shahidi wangu mkuu. Urefu wake ni sentimita 191 zilezile za Ali, na alipomvua Joshua mikanda jijini London mwezi Septemba 2021 alikuwa na kilo kama 100, yaani kilo za George Foreman usiku ule wa Kinshasa alipopigana na Ali mwaka 1974. Kama ukubwa ndio unaoamua, imekuwaje mtu mwenye mwili wa miaka ya 1970 awapige Joshua mara mbili, Fury mara mbili na Daniel Dubois mara mbili?

Karibuni, ila naomba tujadili mapambano yenyewe.

#2 Mtoto wa Ilala

Mleta uzi, heshima yako, lakini umechukua mtu mmoja wa ajabu ukamfanya kanuni. Kabla ya Usyk alikuwapo David Haye, naye ana sentimita 191 na naye alipanda kutoka uzito wa kruza, ulio chini ya uzito wa juu. Mwaka 2009 alimpiga kwa pointi Nikolai Valuev, Mrusi mwenye urefu wa sentimita 213, na watu wakasema hayohayo unayoyasema wewe leo. Julai 2011 akakutana na Wladimir Klitschko mjini Hamburg, mtu mkubwa ambaye pia anajua kupigana, akazungushwa raundi zote 12 na kushindwa kwa pointi bila ubishi.

Hakuna anayesema kwamba mkubwa humshinda mdogo daima. Tunachosema ni kwamba mkubwa mwenye ufundi ni kiumbe ambaye Ali, Joe Frazier na Marciano hawakukutana naye. Ali alikutana na nani mwenye umbo la Lennox Lewis, sentimita 196, ngumi ya mbele iliyonyooka, ngumi ya kulia inayozima taa, na kocha kama Emanuel Steward kwenye kona yake? Nitajieni mmoja tu.

#3 Mwalimu Sumbwi

Nimefundisha vijana ngumi mkoani Tanga kwa muda mrefu, na ninaliona jambo hili tofauti na ninyi nyote wawili.

Suala la majitu ni la zamani mno. Tarehe 4 Julai 1919, mjini Toledo, Jack Dempsey mwenye kilo kama 85 alimwangusha Jess Willard mara saba katika raundi ya kwanza pekee, na Willard alikuwa na kimo cha kukaribia sentimita 200 na kilo zaidi ya 110. Joe Louis alimmaliza Primo Carnera katika raundi ya sita mwaka 1935, na Carnera alikuwa na kilo karibu 118. Mtoto wa Ilala atasema hao walikuwa wakubwa wasiojua kupigana, na kwa sehemu kubwa nakubaliana naye. Kwa hiyo tuuache urefu, tuangalie kitu ambacho hakuna aliyekitaja zaidi ya kichwa cha uzi, nacho ni raundi 15.

Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 ubingwa wa dunia uliamuliwa kwa raundi 15. Baada ya bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, kufariki kutokana na pambano lake na Ray Mancini mwezi Novemba 1982, WBC, moja ya mashirika yanayosimamia ubingwa wa dunia, ilipunguza raundi kuwa 12, na mashirika mengine yakafuata kabla ya muongo ule kwisha. Mtu asidhani kwamba raundi tatu ni kitu kidogo. Marciano alipomfuata Jersey Joe Walcott mjini Philadelphia mwaka 1952 alikuwa nyuma kwa pointi kwenye karatasi za majaji wote, na alimwangusha katika raundi ya 13. Kwa sheria za leo pambano lingekuwa limekwisha na tusingemjua Marciano kama bingwa asiyewahi kushindwa. Mwaka 1941 Billy Conn, kijana aliyetoka uzito wa light-heavy, ulio chini ya uzito wa juu, alikuwa mbele ya Joe Louis baada ya raundi 12 kwenye karatasi za majaji wawili kati ya watatu, kisha akaangushwa katika ya 13. Ubingwa wa Holmes mwenyewe ulitoka raundi ya 15: tarehe 9 Juni 1978 yeye na Ken Norton walikuwa sawa kwa majaji wote baada ya raundi 14, wakalazimika kuupigania mkanda katika dakika tatu za mwisho.

Bondia anayejua kwamba kuna raundi ya 15 huandaa mwili wake kwa namna nyingine kabisa. Hupunguza kilo, hukimbia sana, na hujifunza kupumzika akiwa ndani ya mapigano. Ukimpa Fury wa kilo 119 raundi 15 na Holmes, mimi ninamwogopea kuanzia ya 11.

#4 Shoto la Likoni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Mwalimu, hoja ya raundi 15 ina makali pande zote mbili. Bondia wa leo akiambiwa atapigana raundi 15, naye atajiandaa kwa raundi 15. Huwezi kumchukua mtu wa kambi ya raundi 12 ukamtupa katika pambano la zamani, kisha ukamlaumu kwa kuishiwa pumzi.

Mimi nina maelezo mengine. Ninapigana kwa mkono wa kushoto, na katika ndondi za ridhaa hapa Pwani nimewaona watu hodari kuniliko wakipotea kabisa mbele yangu kwa sababu tu mguu wangu wa mbele ulikuwa mahali ambapo hawakuuzoea. Usyk ni shoto. Mabingwa wa zamani walikutana na mashoto kwa nadra sana katika uzani wa juu, kwani shoto wa kwanza kabisa kushika ubingwa wa uzani huo ni Michael Moorer, tena mwaka 1994. Ali alipomtetea mkanda Karl Mildenberger mjini Frankfurt, Septemba 1966, alikuwa anapambana na shoto wa kwanza kuwania taji hilo, na katika mwaka ule ambao mleta uzi anauita kilele chake ilimchukua hadi raundi ya 12 kumsimamisha mtu ambaye hakuwa na nusu ya ustadi wa Usyk.

Kwa hiyo mnaposema kwamba Usyk anathibitisha ubora wa mwili wa zamani, mnasahau kwamba kitu kinachomfanya awe mgumu ni kipya.

#5 Mtoto wa Ilala

Shoto la Likoni umeongea. Ila "Ali alipomtetea mkanda Mildenberger" ni kalamu imeteleza, maana mkanda ulikuwa wa Ali. Tuendelee.

#6 BintiMizani

Mimi ni mtaalamu wa viungo, ninafanya kazi na wanamichezo, nami naona neno "kilo" linatumika hapa bila kuulizwa ni kilo za nini.

Mfuateni Fury. Alipomshinda Klitschko mjini Düsseldorf, Novemba 2015, alikuwa na kilo 112. Alipompiga Wilder katika pambano la pili, Februari 2020, alikuwa na kilo karibu 124. Aliporudiana na Usyk mjini Riyadh, Desemba 2024, mizani ilionyesha kilo zaidi ya 125, na majaji wote watatu walimpa Usyk ushindi wa 116 kwa 112. Mtu ni yuleyule na mifupa ni ileile, bali uzito umebadilika kulingana na mpango wa pambano. Dhidi ya Wilder kilo zile zilikuwa silaha, kwa sababu Fury alikuwa akimkumbatia na kumwegemea shingoni mpaka miguu ya Wilder ikaisha nguvu kabla ya ngumi kuimaliza kazi. Dhidi ya Usyk kilo hizohizo zikawa mzigo, kwa kuwa Usyk hakubali kushikwa.

Kwa hiyo swali la kuuliza si nani mzito zaidi. Ulizeni je, bondia mwepesi anaweza kukwepa kuegemewa kwa muda wote wa pambano? Frazier, aliyekuwa akiingia kifuani kila sekunde, angeegemewa na Fury usiku kucha, na sioni angejinasua vipi. Ali wa 1966 asingeshikika kirahisi. Kila mmoja ana jibu lake, nanyi mnawaweka wote katika kapu moja linaloitwa "zamani".

Niongeze moja ambalo wengi hulipita. Sayansi ya lishe na mazoezi ya nguvu imebadilika, na vilevile vipimo vya dawa zilizopigwa marufuku vimekuwa sehemu ya mchezo. Mpinzani wa kwanza aliyepangiwa Joshua mwaka 2019 kule New York aliondolewa kwa sababu ya vipimo hivyo, nafasi ikaenda kwa Andy Ruiz, naye akatwaa mikanda. Mwili wa leo na mwili wa 1941 havikutengenezwa katika mazingira yanayofanana.

#7 Kona ya Bluu

Dada BintiMizani, asante sana. Hoja ya kuegemea ni nzito, lakini umemsahau aliyeifundisha dunia. Kinshasa, mwaka 1974, watu wanakumbuka Ali akilala kwenye kamba. Ukiitazama filamu vizuri utamwona pia akimshika Foreman nyuma ya shingo na kuishusha, tena na tena, mpaka Foreman akachoka na kuangushwa raundi ya saba. Ali alikuwa na kilo 98 hivi, Foreman kama 100.

#8 Mkongo wa Kananga

Ndugu Kona ya Bluu, ilikuwa raundi ya nane. Kwetu Kongo jambo hilo haliandikwi vibaya mtu akaachwa hivihivi.

Niruhusuni nieleze kidogo, maana pambano lile limejaa hadithi zisizo na miguu. Lilipangwa tarehe 25 Septemba, likaahirishwa kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, likafanyika tarehe 30 Oktoba 1974 kwenye uwanja uliokuwa ukiitwa Mei 20 na ambao leo ni Tata Raphaël. Ngumi ya kwanza ilirushwa saa kumi alfajiri ili Wamarekani watazame jioni yao. Baba yangu mdogo alikuwa Kinshasa siku zile, na hadi uzeeni alikuwa akisimulia jinsi mji mzima ulivyokesha.

Wengi husema kamba zililegezwa makusudi na kona ya Ali. Kocha wake, Angelo Dundee, alikana hilo maisha yake yote, akisema yeye alijaribu kuzikaza. Hata tukiziacha kamba, bado kuna swali la ukubwa. Foreman alikuwa amemwangusha Frazier mara sita katika raundi mbili mjini Kingston mwaka uliotangulia, na karibu kila mwandishi aliamini atamuumiza Ali vibaya. Nguvu na umri vilikuwa upande wa Foreman. Akili ikashinda. Mwanamume aliyeweza kubadili mpango mzima wa pambano baada ya raundi ya kwanza, bila kumwambia kocha wake, huyo ninamchukua mbele ya Fury, Joshua na Wilder.

Kwa upande mwingine tunaye ndugu yetu Martin Bakole, mzaliwa wa Kananga, mdogo wake Ilunga Makabu aliyekuwa bingwa wa kruza. Agosti 2024 alimsimamisha Jared Anderson katika raundi ya tano mjini Los Angeles, tukashangilia. Februari 2025 aliitwa ghafla kumkabili Joseph Parker mjini Riyadh, akapanda ulingoni na kilo zaidi ya 140, akasimamishwa raundi ya pili. Kilo zilikuwapo, ila maandalizi hayakuwapo.

#9 Nahodha Mstaafu

Mkongo, umenigusa. Kinshasa ikiwa saa kumi alfajiri, kwetu Dar es Salaam ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, na ninakumbuka watu wazima wakiuliza matokeo barabarani wakiwa njiani kwenda kazini.

Huyohuyo Ali alikuja Dar mwezi Februari 1980 akiwa ametumwa na Rais Carter wa Marekani kuzishawishi nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere alikataa kumpokea, kwa kuona si heshima kutumiwa mwanamichezo katika jambo la serikali. Tanzania ilikwenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Kenya ilisusia.

#10 Shoto la Likoni

Nahodha, Wakenya tumesikia, huna haja ya kutukumbusha medali ambazo hatukupata. Robert Wangila alituletea dhahabu ya ndondi kutoka Seoul mwaka 1988, basi tuko sawa. Turudini kwenye uzani wa juu.

#11 Mtembezi wa Ughaibuni

Ninaishi Uingereza, na usiku ambao Joshua alimsimamisha Klitschko mbele ya watu 90,000 pale Wembley, Aprili 2017, nilikuwa mmojawapo. Nimesoma uzi wote na ninashangaa hakuna aliyegusa jambo ambalo kwangu ndilo linalopima enzi hizi mbili: nani aliruhusiwa kushindana?

Ali, Frazier na Foreman wote walitwaa dhahabu za Olimpiki, mwaka 1960, 1964 na 1968, kisha wakaingia ngumi za kulipwa. Wakati huohuo Umoja wa Kisovyeti na nchi za Ulaya Mashariki hazikuwaachia mabondia wao kupigana kwa malipo. Teófilo Stevenson wa Kuba alitwaa dhahabu tatu mfululizo, 1972, 1976 na 1980, na hakuwahi kupigana pambano la kulipwa. Félix Savón akaurudia ufalme huo mwaka 1992, 1996 na 2000. Usyk na ndugu wawili wa Klitschko ni zao la shule ileile ya Kisovyeti ambayo mabingwa wa miaka ya 1970 hawakukutana nayo katika ngumi za kulipwa. Mnapowaita wakubwa wa zamani mabingwa wa dunia, kumbukeni kwamba sehemu kubwa ya dunia ilikuwa nje ya mlango.

Wenzangu wa hapa hunijibu kwamba kwa upande wa Marekani mambo yamegeuka: vijana wenye miili mikubwa, ambao zamani wangeingia ulingoni, sasa wanakwenda kwenye mpira wa kikapu na mpira wa Kimarekani, kwenye fedha nyingi bila kupigwa kichwani. Huenda zote mbili ni kweli kwa pamoja, yaani mlango umefunguliwa Mashariki na chumba kimepungua watu Magharibi.

#12 Kona ya Bluu

Mtembezi, hoja yako nimeipokea kwa mikono miwili, ila inanipa nguvu mahali pengine. Mabingwa wa zamani walipigana mara nyingi, na ustadi wa ulingoni hupatikana ulingoni. Mwaka 1941 peke yake Joe Louis alitetea ubingwa mara saba. Mwaka 1966 Ali aliutetea mara tano, dhidi ya George Chuvalo, Henry Cooper, Brian London, Mildenberger na Cleveland Williams. Usyk, ambaye ninamheshimu kuliko wote wa leo, tangu Septemba 2021 hadi Julai 2025 alipigana mara sita tu. Kuna mambo ambayo kambi ya mazoezi haiwezi kumfundisha mtu, kama vile kupigana huku jicho limefumba au kushinda siku ambayo mwili umegoma.

#13 BintiMizani

Kaka Kona, mambo hayo unayoyasifu yana gharama, nami ninaiona gharama hiyo kazini. Ali aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson mwaka 1984. Mjini Manila, Oktoba 1975, Frazier alizuiwa na kocha wake Eddie Futch asitoke kwa raundi ya 15 kwa sababu hakuwa anaona tena, na Ali mwenyewe alikuwa hoi kwenye kiti chake. Leo mwamuzi au daktari angelisimamisha pambano lile mapema. Ukisema watu wa zamani walikuwa wavumilivu zaidi, sehemu ya uvumilivu huo ni kwamba hakuna aliyewazuia. Sipendi tuihesabu kama ubora ambao wa leo wameupoteza.

#14 Mpiga Kengele

Nawasoma tangu mwanzo. Naomba niwape kipimo kimoja ambacho hakihitaji kubuni chochote, nacho ni George Foreman, aliyefariki Machi 2025.

Foreman alipoteza kwa Ali mwaka 1974, akastaafu, akawa mhubiri, akarudi ulingoni mwaka 1987. Mwaka 1991, akiwa na umri wa miaka 42, alimaliza raundi 12 na Evander Holyfield aliyekuwa bingwa. Tarehe 5 Novemba 1994, akiwa na miaka 45 na kilo kama 113, alimwangusha Moorer katika raundi ya 10 na kuwa bingwa upya. Kumbukeni kwamba Moorer ndiye aliyempokonya Holyfield ubingwa miezi michache kabla. Holyfield naye mwaka 1999 akapigana na Lewis mara mbili, sare na kushindwa. Lewis akamaliza kazi yake Juni 2003 dhidi ya Vitali Klitschko, pambano lililosimamishwa kwa sababu ya majeraha ya Vitali usoni. Wladimir, mdogo wake, akafika mpaka kwa Fury na Joshua, na hao wakafika kwa Usyk.

Kuanzia Ali hadi Usyk mnyororo umekamilika, na Foreman aliyekwisha kuzeeka aliweza kushika pete iliyo katikati yake. Kama Foreman wa miaka 45 anambwaga bingwa wa 1994, Foreman wa miaka 24 angemfanya nini?

#15 Mtoto wa Ilala

Mpiga Kengele, nausifu mnyororo, lakini una pete moja dhaifu. Moorer alikuwa akishinda kwa urahisi usiku ule mpaka aliposimama mbele ya ngumi moja ya kulia. Ngumi moja haithibitishi enzi. Lewis aliangushwa na Oliver McCall mwaka 1994 na Hasim Rahman mwaka 2001 kule Afrika Kusini, akawarudia wote wawili na kuwamaliza, na hakuna anayesema McCall ni bora kuliko Lewis. Nikumbushe pia kwamba ni Lewis huyu ambaye mwaka 1999 aliikusanya mikanda yote minne, jambo lililomshinda kila mtu mpaka Usyk Mei 2024.

#16 Mwalimu Sumbwi

Mwanangu, mikanda ya Lewis ilikuwa mitatu: WBC, WBA na IBF. Wa WBO haukuwamo. Usyk ni wa kwanza kuikusanya yote minne katika uzito wa juu, na hilo lina uzito katika mjadala huu, kwa sababu siku hizi bingwa anaweza kukaa miaka mingi na mkanda mmoja bila kumgusa mwenye mkanda mwingine. Wilder na Joshua walishika mikanda wakati mmoja kwa miaka na hawakukutana. Zamani mwenye ubingwa alikuwa mmoja au wawili, na alitafutwa.

#17 Mzalendo wa Ngumi

Wakuu, uzi umefika hapa na Mike Tyson hajatajwa! Tyson wa 1988, aliyemmaliza Michael Spinks kwa sekunde 91, ana sentimita 178 tu. Nani kati ya majitu haya angemzuia?

#18 Mwalimu Sumbwi

Tyson yule alikuwa hatari kwa yeyote, na mwaka 1987 aliwapiga warefu wawili wazuri, Tony Tucker na Tyrell Biggs. Lakini Tucker alimaliza naye raundi 12 kwa kushika na kusogea, na Tokyo, Februari 1990, Buster Douglas alionyesha dawa yake, yaani ngumi ya mbele isiyochoka na kutoogopa. Wapo wanaosema Tokyo ilitokana na maandalizi mabovu tu. Mimi nadhani Douglas angempa kazi hata akiwa amejiandaa.

#19 Shoto la Likoni

Kuna jambo la kihistoria linalofaa hapa. Ubishi huu uliwahi kupelekwa kwenye kompyuta. Mwaka 1969 Ali, akiwa amefungiwa kupigana, na Marciano, aliyestaafu tangu 1956, walirekodiwa mjini Miami wakiigiza raundi nyingi, na matokeo yakachaguliwa na mashine iliyolishwa takwimu zao. Marciano alikufa katika ajali ya ndege mwezi Agosti mwaka huohuo, kabla filamu haijaonyeshwa. Januari 1970 watu wakajaa kumbi za sinema za Marekani, mashine ikampa Marciano ushindi kwa nokauti katika raundi ya 13. Mtu wa kilo 84 akamwangusha Ali! Tangu siku ile siamini takwimu peke yake.

#20 Mtembezi wa Ughaibuni

Shoto, wala tusiziamini filamu peke yake. Zile za enzi za Dempsey zilipigwa kwa fremu chache kwa sekunde, na zikipitishwa kwenye mashine za baadaye watu huonekana wakidundadunda kama hawajui kupigana. Vijana wengi huwadharau mabondia wa kale kwa kosa la kamera.

#21 Mtoto wa Ilala

Kamera ya 1980 haina kosa hilo, na ndiyo maana kati ya wote waliotajwa ni Holmes pekee anayenisumbua. Ngumi yake ya mbele naiona safi kuliko ya bondia yeyote wa leo. Ila Mwalimu, jibu hili: Holmes alikuwa na ushindi 48 bila kushindwa, na Septemba 1985 akapigwa kwa pointi na Spinks, bingwa wa light-heavy aliyepanda uzito kwa ajili ya pambano lile. Kama mdogo huyo alimshinda katika raundi 15 zenu zilezile, Fury mwenye mikono mirefu angeshindwa nini?

#22 Mwalimu Sumbwi

Holmes wa 1985 alikuwa anakaribia miaka 36 na miguu ilikwisha kumwacha, na hata hivyo wapo waliomwona ameshinda. Mchukue yule wa usiku wa Norton. Na usisahau kwamba Oktoba 2023 Fury aliangushwa katika raundi ya tatu na Francis Ngannou, Mkameruni aliyekuwa akipigana pambano lake la kwanza kabisa la ngumi za kulipwa, akaokolewa na majaji waliogawanyika. Ngumi iliyomfikia ilikuwa ya kushoto, karibu na sikio. Holmes alirusha kushoto usiku kucha.

#23 Mkongo wa Kananga

Mwalimu, na Joshua akammaliza Ngannou huyohuyo katika raundi ya pili miezi minne hivi baadaye. Sasa tumweke Joshua mbele ya Holmes wa 1978, tusikie Ilala watasema nini.